Fundi Anayesikiliza Albamu kwa Mguu

Saa mbili asubuhi, pasi haijapata hata moto, na tayari vita vimeanza.

"Ile ya jana mchana si rumba, ile ni pop!" anang'aka mwanamke mwembamba aliyeinamia cherehani karibu na dirisha. "Rumba gani ya kupigwa kwa kinanda cha umeme?"

"Kinanda ni nguo tu," anajibu mwenzake anayemkabili, macho yake yakiwa kwenye kitambaa. "Mvue nguo uone kilichomo ndani."

"Dada, jamani! Kuna mgeni humu."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, chenye cherehani tatu za kukanyaga kwa mguu, meza ya pasi, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye waya yananing'inia makoti meupe ya wauguzi, yamebanana kama watu kwenye foleni. Spika ndogo, isiyozidi ukubwa wa mkate, inaimba juu ya moja ya cherehani hizo.

Wimbo unaisha. Hapo hapo, kana kwamba wamepigiwa filimbi, mafundi wote watatu wanasimamisha miguu. Kila mmoja anasukuma kando kibati kidogo kilicho chini ya sindano, anachungulia, anakirudisha. Wimbo wa pili unaanza, na miguu nayo inaanza.

Huyo aliyesema habari ya kuvua nguo ndiye mwenye cherehani iliyobeba spika. Mji mzima humwita Mama Pindo, kwa sababu pindo zake hazijawahi kupinda. Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameitumia akiwa amekaa kwenye kiti hicho hicho chenye mto wa vitambaa vilivyobaki.

Leo ana wasiwasi, ingawa mdomo wake hauonyeshi. Alasiri atakuja muuguzi mkuu wa zahanati kukagua makoti arobaini aliyoagiza. Mama Pindo ameshona kumi na mawili kati yake, na mbele ya wenzake ametoa ahadi ambayo hakuna aliyeipenda.

"Nimewaambia, ukifumuka mshono wangu mmoja tu, nafunika cherehani," anasema. "Nakwenda nyumbani kulea wajukuu. Na sirudi."

Sababu ya ahadi hiyo ni masikio yake.

Yalianza kumtoka taratibu, anaeleza, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Kwanza ukaenda mlio wa ndege asubuhi. Kisha kengele ya mlango wa duka la rangi. Halafu sauti za wajukuu kwenye simu zikawa kama za watu wanaoongea ndani ya gunia. Daktari alimwambia ni umri, na huenda kelele za vyuma vya cherehani kwa miaka yote hiyo nazo zimechangia.

Hakumwambia mtu pale karakana. Alijikaza, akaanza kutazama midomo ya watu, akawa anacheka wenzake wanapocheka. Mazungumzo yakimpita, aliinama kwenye kazi kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Nilikuwa nimekaa na watu wangu, lakini nilikuwa peke yangu," anasema.

Fundi wa nguo anahitaji masikio kuliko watu wanavyodhani. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini. Wa chini hukaa ndani ya kigurudumu kidogo kisichoonekana, kinachoitwa bobini. Ukiisha, sindano huendelea kupanda na kushuka, kitambaa huendelea kwenda, na mshono ukiutazama juu juu unaonekana mzuri tu. Kumbe umeshikwa na hewa. Fundi mwenye masikio husikia mara moja mlio wa chuma ukiwa mwepesi, akasimama. Mama Pindo akawa hasikii tena.

Aliyeyaona matokeo ni mwalimu wa muziki wa shule iliyo upande wa pili wa barabara. Alikuwa ameshonewa suruali mpya ya kijivu. Aliivaa siku ya kwanza, akasimama mbele ya kwaya ya watoto, akainua mikono miwili kuwaanzishia wimbo. Suruali ikaachia nyuma, kutoka mkandani hadi chini.

"Watoto hawajawahi kuimba kwa furaha kiasi kile," anasema mwalimu huyo, ambaye hadi leo hawezi kuisimulia habari hiyo bila kujifuta machozi.

Alirudi karakana akitembea kinyumenyume, faili amelibana nyuma yake. Hakufoka. Alisema tu, "Mama Pindo, suruali yako imeona kazi ya ualimu ni nzito, imejiuzulu." Akakaa nyuma ya pazia na shuka kiunoni, akangoja ishonwe upya, akalipa na shukrani juu.

Wenzake walicheka. Mama Pindo naye alicheka. Lakini jioni ile, watu walipokuwa wakikunja kazi, alichukua mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa, akauweka kwenye mapaja ya mdogo wake.

"Mimi basi," alisema.

Mdogo wake ndiye yule mwembamba wa karibu na dirisha. Wanamwita Sindano, kwa umbo na kwa ulimi. Ni wa tumbo moja na Mama Pindo, amepitwa kwa miaka tisa, na ufundi alifundishwa na dada yake huyo huyo tangu alipokuwa hajui kutunga uzi.

"Dada hakuwahi kunipa huo mkasi hata kukatia ukucha," anasema Sindano. "Siku ile moyo uliniruka. Nikajua huyu anatuaga. Mambo ya masikio tulikuwa tumeshayaona, ila yeye hakutaka kusema."

Hakumbembeleza. Anasema anamjua dada yake, kwamba akibembelezwa hukaza shingo. Alimrudishia mkasi akisema umezidi uzito, mikono yake haiuwezi, na amsaidie kuutunza kwanza. Kesho yake asubuhi akaja na sheria mpya ya karakana.

Mkosi wa suruali, alitangaza, unaweza kumkuta yeyote. Kwa hiyo tangu siku hiyo kila fundi, akiwa mzima akiwa mgonjwa, akitaka asitake, wimbo ukiisha asimame, afunue kibati, atazame uzi wa chini. Hakuna kuuliza. Na kwa kuwa spika haikuwa na mahali pazuri pa kukaa, ingekaa juu ya cherehani ya Dada, kwa sababu meza yake ndiyo pana.

Meza ya Mama Pindo si pana kuliko nyingine. Zote zilitoka kwa seremala mmoja.

"Nilijua," anasema Mama Pindo, akilainisha koti kwa kiganja. "Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza. Nikawaacha wanipende."

Spika ilipowekwa hapo, jambo fulani likatokea ambalo hata Sindano hakulitarajia. Mdundo ulishuka kwenye mbao za meza, ukaingia kwenye chuma cha kukanyagia, ukapanda kwenye mguu wa Mama Pindo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wimbo ulimfikia. Wimbo ulipoisha, mbao zilitulia chini ya kiganja chake, naye akasimama pamoja na wenzake, bila kuguswa bega.

Kilichobaki ilikuwa kuchagua nyimbo, na hapo ndipo amani ilipopotea.

Wakati huo ndugu wawili maarufu, dada na mdogo wake wa kiume, walikuwa wametoa albamu zao ndani ya mwezi mmoja. Dada anaitwa Yakuti, na albamu yake ni *Chumba cha Pili*. Mdogo wake anaitwa Radi, na yake ni *Viatu Vipya*. Mji uligawanyika. Wengine walisema Yakuti amemwacha mdogo wake mbali, wengine wakasema Radi ndiye aliyerithi sauti ya nyumbani. Kwenye karakana hii mgawanyiko uliingia mpaka kwenye chai.

Msichana wa cherehani ya tatu, fundi mdogo kuliko wote, ni mtu wa Radi kufa na kupona. Wanamwita Kifungo kwa sababu ya ufupi wake. Spika ni yake.

"Mama, Radi ana tarumbeta, ana magitaa, anaimba taratibu," huwa anamwambia Mama Pindo, akisogea amtazame usoni. "Hiyo ndiyo rumba yenyewe. Yakuti ni pop tu, ni mambo ya kumetameta."

"Rumba haisukumi mtu," hujibu Mama Pindo. "Rumba inakubembeleza mguu. Huyo Radi wako nikikanyaga naye, ananisukuma mgongoni kama konda aliyechelewa. Hiyo ni pop iliyovaa suti ya babu yake."

"Na Yakuti?"

"Yakuti ni rumba iliyopaka rangi mdomoni."

Wa nne kwenye chumba hicho ni wifi wa Mama Pindo na Sindano, mke wa kaka yao, ambaye kazi yake ni pasi. Yeye husema hana upande. Akibanwa sana hutoa hukumu yake: "Wote ni watoto wa baba mmoja, wamekula sufuria moja. Itakuwaje mmoja awe pop na mwingine rumba? Pigeni wimbo, pasi inapoa."

Sindano, kwa upande wake, hubishana na yeyote aliye karibu. Jumatatu humtetea Yakuti, Jumanne humtukana. Akiulizwa kwa nini, hucheka. Lakini mtu akikaa naye pale kwa muda ataona kwamba kila anapopinga, huinua kichwa, humgeukia dada yake, na husema kwa sauti kubwa, akifungua mdomo vizuri kwa kila neno. Ubishi humruhusu kupiga kelele bila mtu kujiona anapigiwa kelele.

Mwalimu wa muziki naye alinaswa. Alikuja siku moja kufupishiwa mikono ya shati, akakuta mabishano, akaweka mkoba chini. Kwake yeye hesabu ni nyepesi: sikiliza ngoma inapiga wapi, sikiliza besi inatembeaje, utajua. Yakuti ni pop, alisema, na Radi ni rumba ya kisasa.

"Mwalimu, umesikiliza kwa kitu gani?" Mama Pindo akamuuliza.

"Kwa masikio, Mama."

"Basi vua kiatu."

Mwalimu alivua. Akakalishwa kwenye kiti chenye mto, akaambiwa aweke mguu kwenye chuma cha kukanyagia, wimbo wa Yakuti ukafunguliwa. Alikanyaga hadi mwisho, uso umekunjamana kama anayeonja dawa. Wote wakamngoja.

"Ni pop," akasema.

"Mguu wako una soksi nene!"

Tangu hapo huja kila baada ya siku chache, hata nguo zake zikiwa nzima. Hawajakubaliana mpaka leo. Mwalimu anasema Mama Pindo anasikia besi peke yake na besi si wimbo wote. Mama Pindo anasema huenda ni kweli, lakini hiyo besi ndiyo anayoishi nayo.

Pamoja na kelele hizo, kazi ilipata mpangilio wake. Nyimbo za Radi ni fupi, kwa hiyo hupigwa asubuhi, wakati wa mishono mirefu, ili uzi utazamwe mara kwa mara. Za Yakuti ni ndefu, moja inaweza kumaliza bobini nzima, kwa hiyo zinasubiri baada ya chakula, muda wa kutia vifungo kwa mkono. Mama Pindo, mshabiki wa Yakuti, hushona kwa Radi.

"Namkanyagia mpinzani," anasema. "Lakini ndiye anayenilinda."

Maisha hayakuwa laini hata hivyo. Malipo ya koti moja hununua mikate sita, na fundi anayesimama kila wimbo hushona polepole kuliko asiyesimama. Kuna wiki walichelewesha kazi. Wifi yao alianza kuja mapema zaidi ili apige pasi peke yake kabla ya wengine, kazi ya jana isiwarudishe nyuma. Hakuna aliyemwomba.

Ndipo likaja agizo la zahanati, kubwa kuliko yote waliyowahi kupata. Mama Pindo alitaka kujitoa. Wenzake walikataa. Walipobishana vya kutosha, akakubali kwa sharti lake lile, kwamba mshono wake mmoja ukifumuka, huo ndio mwisho.

Saa tisa alasiri, muuguzi mkuu anaingia. Ni mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi, na hana maneno mengi. Anasalimia, anavua saa ya mkononi isikwaruze nguo, anaanza.

Ukaguzi wake si wa macho. Anashika koti huku na huku, anavuta mshono kwa nguvu, kwapani, mabegani, mifukoni. Muuguzi, anasema, huinama, hunyanyua wagonjwa, hukimbia. Koti litakalofumuka lifumukie hapa.

Spika imezimwa. Hakuna anayebishana. Sindano anajifanya anapanga vifungo. Wifi yao ameshika pasi iliyopoa.

Makoti kumi yanapita. Yanapita ishirini. Mama Pindo amesimama karibu na waya, mikono ameikunja, anafuata vidole vya muuguzi kama mtu anayetazama penalti.

Koti la thelathini na kitu linavutwa kwapani. Mshono unaachia. Uzi mweupe unachomoka wote, laini, bila kukatika, unabaki unaning'inia mkononi mwa muuguzi kama tambi.

Mama Pindo hasikii mlio wa kitambaa, lakini anaona. Anatikisa kichwa taratibu mara moja, kisha anageuka, anachukua kifuniko cha cherehani yake ukutani.

"Dada, ngoja," anasema Sindano.

"Nilisema."

"Dada! Tazama mwisho wa uzi kwanza!"

Mama Pindo anamtazama mdomo, kisha anatazama uzi. Mwisho wake una fundo.

Kila fundi ana namna yake ya kufunga mshono. Mama Pindo hurudi nyuma juu ya mshono wake mwenyewe, hafungi kitu. Sindano huacha mkia mrefu, huuchoma ndani kwa mkono. Katika chumba hicho ni mtu mmoja tu anayepiga fundo, na huyo sasa ameficha uso nyuma ya kola.

"Ni mimi, Mama," anasema Kifungo.

"Nini?"

Kifungo anashusha kola, anasogea mbele yake. "Ni mimi! Siku ile Mwalimu alipokuja. Niliinuka kumwonyesha jinsi Radi anavyochezwa. Wimbo ukaisha nikiwa nacheza. Sikutazama uzi."

Mama Pindo anashika lile koti, anapitisha kidole kwenye vitundu vya sindano visivyo na uzi wa chini, anamtazama msichana, anatazama masikio yake mawili madogo yenye hereni.

"Na haya yote mazima?" anauliza, akiyavuta kidogo.

"Mazima, Mama."

Kicheko cha Mama Pindo kinaanzia tumboni. Kinampanda mpaka anashika meza. Sindano naye anaachia, wifi yao anaweka pasi chini asije akaiangusha, na Kifungo, aliyekuwa karibu kulia, anacheka na machozi pamoja. "Kumbe hata nyinyi!" Mama Pindo anarudia. "Kumbe hata nyinyi!"

Muuguzi mkuu anangoja watulie. Kisha anaendelea kuvuta, koti kwa koti, mpaka la arobaini. Hakuna jingine lililofumuka.

"Shoneni hilo moja, nangoja," anasema, akikaa kwenye benchi na kuvua viatu. "Ila niwekeeni Yakuti. Huyo mdogo wake namsikia kwenye simu za wagonjwa tangu asubuhi."

Kifungo, shingo upande, anamweka Yakuti.

Kifuniko kinarudi ukutani. Mama Pindo anaketi, anatunga uzi, anaomba lile koti. "Nipe mimi," anamwambia Kifungo. "Wewe kaa hapa utazame mtu anayeweza kubishana na kushona kwa wakati mmoja."

Muuguzi, ambaye tangu alipoingia alikuwa akizungumza na kila mtu akiwa ameinama kwenye nguo, sasa amehamisha benchi lake mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akageuza uso wake wote kwa Mama Pindo. Anamwambia kwamba kila mwezi mtaalamu wa masikio hufika zahanati, hupima watu na kuwawekea vifaa vya kusikia. Anauliza kama aandike jina lake.

Binti wa Mama Pindo alishamwomba mara nyingi aende kupimwa. Kila mara Mama Pindo alikataa. Aliona kwamba kwenda ni kukiri kuwa kazi imemshinda.

"Andika," anasema.

Sindano anasimamisha mguu katikati ya wimbo, jambo ambalo sheria yake mwenyewe haikulitaja. "Leo umekubali, Dada? Leo ambapo umeona huna haja?"

"Kazi naiweza, nimeona," anasema Mama Pindo. "Kwa kazi nisingekwenda. Nakwenda kwa ajili ya maneno."

Anaeleza kwamba albamu zote mbili amezijua kwa mguu tu. Anajua Yakuti anapovuta pumzi na Radi anapoharakisha. Lakini hajui wanaimba nini. Hajui kama Yakuti analia au anachumbia. Hajui kama kweli ndugu hao wanasemana kwa mafumbo, kama watu wanavyodai. Amebishana miezi yote hiyo juu ya nyimbo ambazo hajawahi kusikia hata mstari mmoja.

Mpango wake ni huu. Akishawekewa kifaa, atafunga karakana Jumamosi nzima. Atamwita Mwalimu, atamwita binti yake na wajukuu, wifi yao atapika chai, na cherehani zote zitakaa kimya. Watasikiliza *Chumba cha Pili* mwanzo hadi mwisho, kisha *Viatu Vipya* mwanzo hadi mwisho, na mtu yeyote asiongee.

"Na ukikuta Mwalimu ndiye msema kweli?" Kifungo anamuuliza, usoni, kwa sauti kubwa. "Ukikuta Yakuti ni pop?"

Mama Pindo anarudi nyuma juu ya mshono wake, anakata uzi, anauvuta mshono wa kwapa kwa mikono miwili. Umeshika.

"Nitasema kifaa kibovu," anajibu, "wanipe kingine."